Lipu na rangi kwenye ukuta wa kuzuia udongo bustanini: mwongozo kamili, kuanzia mgongo wa ukuta

Kila masika yakiisha malalamiko ni yaleyale. Ukuta ulipigwa lipu na kupakwa rangi Desemba, ulipendeza, na kufika Mei umeota malengelenge, rangi inabanduka vipande vya ukubwa wa kiganja, na chini kuna unga mweupe kama chumvi. Mwenye nyumba anailaumu rangi, muuza rangi anamlaumu fundi, fundi anasema simenti za siku hizi hazifai.

Kasoro kwa kawaida iko upande ambao hakuna aliyeuangalia. Ukuta wa uzio hulowa mvua kisha hukauka pande zote mbili. Ukuta unaozuia udongo una udongo mbichi mgongoni, na maji yake yanatafuta njia ya kutokea usoni. Ukiziba uso kwa rangi kabla hujayapatia maji njia nyingine, yataisukuma rangi hiyo mpaka itoke. Ndiyo maana zaidi ya theluthi moja ya kazi iliyoelezwa hapa inafanyika kabla mwiko haujagusa uso wa ukuta.

Vipimo vyote hapa ni vya ukuta mmoja wa mfano: urefu mita 10, kimo mita 1.2 juu ya ardhi ya mbele, umejengwa kwa matofali ya simenti ya inchi 6 yaliyolazwa, hivyo unene wake ni kama sentimita 23. Ukuta wako ukiwa mrefu au mfupi zaidi, zidisha au gawanya.

## Kabla ya kununua chochote: ukuta wenyewe ni mzima?

Ning'iniza timazi kutoka kichwa cha ukuta, upande wa mbele, sehemu tatu: kila mwisho na katikati. Ukuta uliosimama wima au ulioegemea kidogo upande wa udongo hauna tatizo. Ukiwa umeinamia mbele, au tumbo limetokeza katikati, usiupige lipu. Udongo unaushinda, na lipu itaficha tu dalili mpaka siku utakapolala.

Angalia nyufa pia. Ufa mwembamba unaofuata ungio moja au mawili si wa kutisha. Ufa wa ngazi unaopanda tofali hadi tofali, au ufa wa mlalo kwenye theluthi ya chini, uwekee alama mbili za penseli kila upande, pima umbali kati yake, kisha rudia kupima baada ya mwezi. Umbali ukiongezeka, muite mhandisi. Fanya hivyo pia kama ukuta unazidi mita 1.2, au kama juu yake kuna nyumba, tangi la maji au njia ya gari.

Na kama ukuta ni wa mawe ya kuchonga yaliyopangwa vizuri, ya aina ile inayoonekana kwenye vilima vya Mwanza, tunashauri uachane na lipu kabisa. Jaza maungio, safisha mawe, basi. Kuyafunika ni kulipia kazi ya kuharibu kitu kizuri.

## Vifaa na vipimo

Vya mgongo wa ukuta

- Kokoto safi za milimita 20, zisizo na vumbi: ujazo wa mita 3
- Kitambaa cha kuchujia udongo: mita 10 kwa 2
- Lami ya maji, ile inayopakwa ikiwa baridi: ndoo 1 ya lita 20
- Bomba la plastiki la inchi 2: moja la mita 6 linatosha

Vya lipu na kofia ya ukuta

- Simenti: mifuko 5 ya kilo 50. Mmoja ni wa lipu ya mgongoni, minne ni ya uso na kofia. Daraja la 32.5 linatosha, na 42.5 haina faida yoyote kwenye lipu.
- Mchanga wa mto: toroli 9
- Kokoto ndogo za kofia: toroli 3
- Nondo za milimita 8: mbili za mita 12
- Waya wa kuku uliopakwa zinki: mita 5, kama ukuta una nguzo za zege

Vya rangi

- Praima ya kuta inayostahimili simenti mbichi: lita 3
- Rangi ya maji ya nje, ya akriliki: lita 5
- Rangi ya mkanda wa chini, nzito zaidi: lita 1

Zana: mwiko, kibao cha kusawazishia, rula ya aluminiamu ya mita 2, pima maji, timazi, kamba, chekeche, chepe, toroli, karai, ndoo mbili za lita 20 zinazolingana, tindo na nyundo, brashi ya waya, brashi pana, rola ya manyoya marefu, glavu za mpira, gambuti na miwani ya kazi. Simenti mbichi huunguza ngozi polepole bila wewe kuhisi, kwa hiyo glavu si urembo.

## Hatua ya 1: Chagua miezi

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na pwani nzima, fukua mgongo wa ukuta Juni au Julai baada ya masika kukata, piga lipu mwishoni mwa Julai au Agosti, kisha paka rangi Septemba. Vuli ikianza, kazi imeshakauka. Kwa Mbeya, Iringa na Njombe, ambako mvua huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili, nafasi ni pana zaidi: Mei hadi Oktoba.

Lipu iliyopigwa mwezi wa mvua si lazima iharibike, maana mvua nyepesi hata huisaidia. Kinachoharibika ni ratiba ya rangi, kwa sababu ukuta haukauki.

## Hatua ya 2: Fukua mgongo wa ukuta

Chimba mtaro nyuma ya ukuta, upana wa sentimita 50 ili mtu aweze kusimama na kufanya kazi. Ukishaupaka lami, kokoto zitachukua sentimita 30 za upana huo na udongo utarudi kwenye zilizobaki. Shuka mpaka usawa wa ardhi ya mbele. Usishuke chini ya usawa wa juu wa msingi, na usichimbe kabisa upande wa mbele wa ukuta. Udongo wa mbele ndio unaouzuia mguu wa ukuta kuteleza.

Fanya vipande vya mita 3 hadi 4 kwa wakati mmoja. Udongo uliochimbwa uweke angalau mita 1 kutoka ukingo wa mtaro. Kama ni mchanga unaomiminika, lainisha mteremko wa upande wa pili au uzuie kwa mbao, kwa sababu udongo wa kimo cha kiunoni unatosha kumbana mtu aliyeinama.

Sugua mgongo kwa brashi ya waya, jaza maungio yaliyo wazi, kisha piga lipu nyembamba ya milimita 10, simenti 1 kwa mchanga 4. Haihitaji kupendeza, inahitaji kuziba matundu, kwani lami haizibi shimo. Acha siku 3, halafu paka lami mikono miwili, wa pili ukivuka wa kwanza. Mkono wa kwanza uwe umekauka kiasi kwamba kidole hakitoki cheusi. Ishia usawa ambao udongo utarudi, yaani sentimita 15 chini ya kofia.

Kazi imekwenda vizuri ikiwa: mgongo mzima ni mweusi, hauna madoa ya kijivu, hasa kwenye kona.

## Hatua ya 3: Matundu ya maji na kokoto

Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka.

Kwa ukuta wa mita 10 toboa matundu 8, moja kila mita 1.2, sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi ya mbele. Kwenye ukuta uliokwisha kujengwa, toboa kwa tindo kwenye ungio la wima, pole pole, ukianzia mbele. Nyundo kubwa itapasua tofali.

Kata bomba vipande vya sentimita 30. Kila kipande kiinamie mbele: mdomo wa nje uwe chini ya mdomo wa ndani kwa sentimita 1 hadi 1.5. Acha mdomo wa nje utokeze sentimita 2 kupita mahali lipu itakapoishia. Mabomba yaliyokatwa sawasawa na lipu hupendeza siku ya kwanza, kisha hutiririsha maji ya udongo juu ya rangi na kuacha michirizi ya kahawia chini ya kila tundu. Ziba pembeni kwa simenti 1 kwa mchanga 3, na ukikauka, paka lami kuzunguka bomba upande wa mgongo wa ukuta.

Sakafu ya mtaro imwagie zege hafifu, lifike usawa wa chini ya mabomba na liinamie upande wa mabomba hayo. Bila zege hilo maji yatakaa chini ya mabomba na kulainisha udongo wa msingi.

Tandika kitambaa cha kuchujia ndani ya mtaro, ncha moja ipande upande wa udongo na ibaki huru juu. Weka mawe makubwa kidogo kwenye midomo ya mabomba, kisha jaza kokoto upana wa sentimita 30 kutoka ukutani mpaka zibaki sentimita 20 kufika juu, ukirudisha udongo nyuma ya kitambaa kadiri kokoto zinavyopanda. Funika kokoto kwa ile ncha iliyobaki, halafu rudisha udongo wa juu na upande nyasi. Viroba vya plastiki ambavyo mafundi huvitumia badala ya kitambaa huziba kwa tope, nawe utafukua tena.

Jaribio: mwaga ndoo 5 za maji polepole juu ya kokoto kabla ya kuzifunika. Maji yaanze kutoka mbele ndani ya dakika chache, kwenye zaidi ya tundu moja. Yasipotoka, usiendelee na kitu kingine chochote.

## Hatua ya 4: Kofia ya ukuta

Ukuta usio na kofia hunywa maji kwa kichwani. Mimina zege la simenti 1, mchanga 2, kokoto 4, unene wa sentimita 6, upana wa sentimita 33, ili litokeze sentimita 5 kila upande. Weka nondo mbili za milimita 8 kwa urefu. Upande wa juu uinamie kidogo nyuma, kwenye udongo, si mbele, ili vumbi la mwaka mzima lisioshwe na mvua na kupita usoni.

Chini ya sehemu iliyotokeza mbele, weka mfuo wa kudondoshea maji: pigilia kipande cha mbao au waya mnene wa sentimita 1 kwenye boksi la kumwagia, kisha kitoe zege likishika. Tone la maji likifika kwenye mfuo huo linaanguka, haliendelei kurudi ukutani. Kwa kazi ya nusu saa, hakuna kitu kingine kwenye ukuta huu kinachoiokoa rangi kiasi hiki.

## Hatua ya 5: Andaa uso

Kama kuna lipu ya zamani, igonge kote kwa mpini wa nyundo. Inayolia tupu imeachana na tofali. Zungushia chaki, ikate kwa mraba, uitoe yote. Kuiacha kwa sababu bado haijadondoka ni kuahirisha.

Rangi ya zamani iondolewe yote, maana lipu haishiki juu ya rangi. Ukungu wa kijani uue kwa maji ya klorini, sehemu 1 ya dawa kwa maji 3, subiri dakika 20, suuza. Chumvi nyeupe iondoe ikiwa kavu, kwa brashi, na uizoe. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani ya tofali.

Maungio yakwangue yafike kina cha sentimita 1. Mahali tofali linapokutana na nguzo ya zege, pigilia waya wa kuku unaoingia sentimita 15 kila upande, la sivyo ufa utafuata mstari huo wima kama uliochorwa.

## Hatua ya 6: Pima mchanga

Jaza mchanga hadi nusu ya chupa ya plastiki ya lita 1, ongeza maji yenye kijiko kidogo cha chumvi, tikisa kwa nguvu, acha saa 3. Juu ya mchanga litakaa tabaka la tope laini. Lisizidi milimita 8 kwa kila sentimita 10 za mchanga. Likizidi, osha mchanga au rudisha. Mchanga wenye tope hutoa lipu inayonyooka kirahisi na inayopasuka nyufa za utando wa buibui baada ya wiki.

Mchanga wa ufukweni usitumike hata kwa nusu bei. Chumvi yake huvuta unyevu hewani na haiishi kutoka.

Chekecha mchanga wote, ila usitafute ule mwembamba kama unga. Mchanga wenye punje za ukubwa tofauti ndio unaoshikana vizuri.

## Hatua ya 7: Lipu ya kurusha

Tofali la simenti ni laini usoni na linanyonya maji kwa pupa, hivyo lipu nene haina pa kushika. Anza na tabaka jembamba la kurushwa.

Changanya simenti 1 na mchanga mkavu 2 mpaka rangi iwe moja, kisha maji mpaka uwe uji mzito. Lowesha ukuta asubuhi, subiri maji ya juu yapotee, halafu rusha kwa mwiko, kwa nguvu, unene wa milimita 3 hadi 5. Usiusawazishe. Acha vinundu vyake na uuweke mbichi mpaka kesho yake.

Umefaulu ikiwa: ukipitisha kiganja siku ya pili uso unakwaruza, na kidole hakikwangui punje.

## Hatua ya 8: Lipu yenyewe

Vipimo vya mchanganyiko. Simenti 1 kwa mchanga 5. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, kwa hiyo unakwenda na ndoo 9 za lita 20 zilizosawazishwa juu. Chepe si kipimo: la asubuhi hujaa kuliko la saa tisa alasiri, na ukuta utaonyesha rangi mbili. Changanya nusu mfuko kwa ndoo 4 na nusu, geuza mara tatu ukiwa mkavu, ndipo uweke maji.

Kwa wanaodhani simenti nyingi ndiyo nguvu: lipu ya 1 kwa 3 ni ngumu kuliko tofali lililo chini yake, hujikunja zaidi inapokauka, na hupasuka. Sabuni ya unga ambayo baadhi ya mafundi huitia ili lipu iteleze kwenye mwiko nayo ikatae, kwani hujaza mapovu ya hewa yasiyo na kiasi.

Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja. Ukianza kugoma, usiufufue kwa maji.

Kuweka unene. Bandika vibonge vidogo vya lipu, sentimita 10 kwa 10, kila mita 1.5, juu na chini. Vilinganishe kwa kamba, timazi na rula viwe kwenye uso mmoja, milimita 15 kutoka ukutani. Vikishika, unganisha cha juu na cha chini kwa mstari wa lipu: hiyo ndiyo njia ya kupitishia rula. Penye shimo la zaidi ya milimita 20, jaza leo, piga lipu kesho. Lipu nene ya mkupuo mmoja hulegea na kushuka.

Kupiga. Pigilia mbao nyembamba sentimita 5 juu ya ardhi ya mbele na anzia hapo. Lipu isiguse udongo, maana ikigusa itanyonya unyevu kama utambi. Rusha lipu kati ya mistari, kisha pitisha rula kutoka chini kwenda juu ukiichezesha kushoto na kulia. Mashimo yatakayoonekana yajaze papo hapo, upitishe tena.

Halafu ngoja. Bonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama ndogo bila lipu kunata, wakati wa kibao umefika. Sugua kwa mizunguko, ukinyunyiza maji kwa brashi, machache sana. Ukisugua mapema unavuta simenti juu na uso utakuwa unga. Ukichelewa, kibao kinarusha punje na kuacha michubuko.

Usinyunyize simenti kavu juu ya lipu ili iwe laini. Niru ni ya sakafu. Ukutani, kwenye jua, hupasuka nyufa ndogondogo ambazo rangi haizifichi.

Kama ukuta una nafasi ya mtanuko, ikate lipu palepale kwa mwiko na uje kuijaza baadaye kwa gundi inayonyumbulika. Ukutani hapo pataendelea kucheza, upende usipende.

Uso unaotazama magharibi upige asubuhi, unaotazama mashariki upige alasiri. Jua la saa sita likiipata lipu mbichi, kazi ya siku nzima inavuja maji yake kabla haijashika.

Umefaulu ikiwa: rula ya mita 2 ikiegeshwa popote haiachi upenyo unaozidi milimita 3, na jioni ukimulika tochi ukiilaza ukutani huoni mawimbi.

## Hatua ya 9: Mwagilia siku 7

Anza kesho yake. Manyunyu, si mpira wa maji uliofunguliwa wote. Mara tatu kwa siku, na penye upepo funika kwa magunia mabichi au nailoni. Fundi huondoka siku lipu inapoisha, kwa hiyo kazi hii ni yako. Lipu isiyomwagiliwa hujulikana kwa ukucha: ukiikwaruza baada ya wiki mbili inatoa unga.

## Hatua ya 10: Subiri, kisha pima

Siku 28 ni kiwango cha chini. Sababu ni mbili, maji na ukali wa simenti. Simenti mbichi ina alkali kali, na rangi ya mafuta ikikutana nayo hugeuka sabuni, kwa maana halisi: inalainika, inanata, inaachia. Kwa ukuta wa aina hii rangi ya mafuta isitumike hata baada ya mwaka.

Bandika kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, theluthi ya chini ya ukuta. Ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache usiku kucha hadi kesho mchana. Ukikuta matone au ukuta umekuwa mweusi chini ya nailoni, ongeza wiki mbili na urudie. Ukiwa mkavu chini lakini kuna doa moja bichi, tafuta tundu la maji lililo karibu, huenda limeziba.

## Hatua ya 11: Rangi

Sehemu hii ni fupi kwa sababu ugumu umeshapita.

Sugua ukuta kwa msasa nambari 80, futa vumbi. Ruka unga wa jipsamu wa kuskimu: ni wa ndani, na nje hulainika ukilowa kisha huondoka na rangi yake. Ukitaka uso laini sana, tumia ule uliotengenezwa kwa simenti nyeupe, ingawa kwa ukuta wa bustani alama za kibao zinatosha na zinapendeza.

Praima mkono mmoja, brashi kwanza kwenye kona na kuzunguka mabomba, rola kwingine. Siku ya pili rangi, ikiwa imeongezwa maji kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kopo na si zaidi. Lita moja hupaka mita za mraba 7 hadi 8 kwenye lipu ya kibao. Ukiona inakwenda hadi 12, umeipunguza mno. Mkono wa pili baada ya saa 4 au zaidi. Kofia nayo ipake, juu na pembeni, lakini usiuzibe mfuo wa chini kwa rangi.

Mvua huruka kutoka ardhini na kupiga ukuta kwa tope. Paka mkanda wa chini, kimo cha sentimita 30, kwa rangi ya kahawia au kijivu, na mbele ya ukuta tandika kokoto upana wa sentimita 30. Ukuta mweupe hadi chini ni wa picha tu.

Umefaulu ikiwa: baada ya wiki mbili ukibandika utepe wa gundi na kuung'oa kwa ghafla, hautoki na rangi.

## Kama mgongo haufukuliki

Pengine nyuma kuna sakafu ya jirani, au mwembe ambao hutaki kuuua. Basi usiuzibe uso. Toboa matundu ya maji kutoka mbele, piga lipu ileile, lakini badala ya akriliki tumia chokaa, au rangi ya unga yenye msingi wa simenti. Zote mbili hupitisha mvuke. Chokaa ipakwe nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne kwenye ukuta ulioloweshwa. Itapauka, utairudia kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na gharama yake ni ndogo. Malengelenge hayatokei kwa sababu hakuna ngozi ya kuvimba.

## Masika ya kwanza

Siku ya mvua kubwa toka na mwavuli uangalie matundu yote 8. Yanayotoa maji yaandike. Lisilotoa kabisa, wakati majirani zake wanatiririsha, lichokoe kwa kijiti au waya uliokunjwa, kina cha bomba tu, usitoboe kitambaa.

Doa jeusi la unyevu likitokea katikati ya ukuta, liache mpaka kiangazi ndipo ushughulike nalo. Likikauka lenyewe ndani ya wiki moja baada ya mvua, lilitoka kwenye ufa wa kofia: ziba ufa, gusa rangi. Likibaki bichi zaidi ya hapo, maji yanatoka mgongoni, na kipande hicho cha mita 2 ndicho utakachofukua.